Jinsi ya Kusoma Wasifu wa Walimu wa Shule ya Tiba na Kumpata Msimamizi wa Utafiti Anayekufaa

Fungua orodha ya walimu wa shule yoyote kubwa ya tiba, utakuta mamia ya majina. Kila jina lina cheo, idara na ubingwa, na chini yake mistari miwili mitatu inayotaja maeneo ya utafiti. Mwanafunzi anayetafuta wa kumsimamia tasnifu mara nyingi hukimbilia cheo. Anamwandikia profesa mwenye jina kubwa kuliko wote, anasubiri jibu wiki baada ya wiki, na tarehe ya kupeleka andiko la utafiti unaopangwa kwa kamati ya maadili inamkuta mikono mitupu. Cheo kitazame mwishoni. Kwanza jua mtu huyu anatibu nini, anatafiti nini kwa sasa, na wanafunzi waliopita mikononi mwake walitoka na nini. Sehemu kubwa ya hayo iko hadharani, ukijua pa kutazama.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

Kabla ya kugusa orodha, chukua karatasi uandike unataka kujua nini, kwa wagonjwa gani, na utapima nini. "Napenda moyo" haimpi msimamizi pa kushika. "Je, wanawake waliopata kifafa cha mimba hubaki na shinikizo la juu la damu miezi sita baada ya kujifungua?" ni swali linalotaja wagonjwa, kipimo na muda, na papo hapo linakuonyesha milango mitatu ya kubisha: uzazi, moyo na figo. Swali litabadilika mkishaanza kukaa na msimamizi. Ni sawa kabisa, lakini uwe nalo mkononi.

Hatua ya 2: Tenganisha ubingwa wa tiba na eneo la utafiti

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwalimu wa shule ya tiba ana kazi tatu: kutibu, kufundisha na kutafiti. Utaratibu wa kuziunganisha hospitali, darasa na maabara chini ya paa moja ulipata nguvu baada ya shule ya tiba ya Johns Hopkins kufunguliwa Baltimore mwaka 1893, na ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910 ikazisukuma shule za Marekani na Kanada kufuata njia hiyo. Leo karibu kila shule ya tiba inatangaza kazi hizo tatu. Walimu wanaozibeba zote kwa uzito sawa ni wachache sana. Wapo wanaoshinda wodini na kliniki, na makala wanaandika moja kwa mwaka. Wapo wanaoshinda maabara, na mgonjwa wanamwona siku moja kwa wiki. Wote ni walimu halali, na wote wanaandikwa kwenye orodha ileile kwa maneno yanayofanana.

Ubingwa unakuambia mwalimu anawaona wagonjwa gani. Daktari bingwa wa tiba ya ndani anaweza kuendelea hadi kuwa bingwa bobezi wa figo, moyo, homoni, damu au mfumo wa chakula. Bingwa wa watoto naye anaweza kubobea kwenye watoto wachanga au saratani za watoto. Eneo la utafiti linakuambia anauliza maswali gani, na maswali hayo si lazima yafuate ubingwa. Utamkuta daktari wa upasuaji anayetafiti namna ya kufundisha wanafunzi kushona kidonda, bingwa wa usingizi na ganzi anayetafiti maumivu sugu, bingwa wa watoto ambaye miaka yote amekuwa akichunguza kinga ya mwili dhidi ya malaria.

Kwa hiyo gawa karatasi yako safu mbili, tiba upande mmoja, utafiti upande wa pili, na kila wasifu unaosoma uuvunje hivyo. Chukua mfano huu niliouunda kwa kufuata jinsi wasifu nyingi zinavyoandikwa:

*Profesa Mshiriki, Idara ya Tiba ya Ndani, Kitengo cha Figo. Bingwa bobezi wa magonjwa ya figo. Huduma: kusafisha damu, ufuatiliaji wa waliopandikizwa figo. Utafiti: shinikizo la damu kwa wagonjwa wa figo, ubora wa maisha kwa wanaosafishwa damu, afya ya figo katika jamii.*

Safu ya tiba inasomeka haraka: ana wagonjwa wa kusafishwa damu, tena ni walewale wanaorudi mara kadhaa kwa wiki, kwa hiyo utafiti wa kuwafuatilia unawezekana. Safu ya utafiti ndiyo yenye mambo. Mistari yake mitatu ni aina tatu tofauti za kazi. Shinikizo la damu huenda likawa kazi ya kuchambua mafaili na vipimo vya kliniki. Ubora wa maisha ni dodoso na mahojiano, na anayefanya hivyo anahitaji kujua kutunga maswali na kupima kama yanaeleweka. Afya ya figo katika jamii inakutoa hospitali kabisa: unakwenda kwenye kaya, unachukua mkojo kupima protini na damu kupima kreatinini (taka ambayo figo huichuja), unaingia kwenye hesabu za sampuli. Mtu mmoja anaweza kuwa hodari kwenye mojawapo na mgeni kwenye nyingine. Weka alama ya kuuliza mbele ya kila mstari. Utaijibu kwenye hatua ya 4.

Tazama pia walimu wasio na wodi. Idara za fiziolojia, biokemia, mikrobiolojia, anatomia na famakolojia zina wanasayansi wenye uzamivu ambao hawajawahi kuandika cheti cha dawa, na kwa swali la maabara wao ndio wenyewe. Idara za patholojia na radiolojia wanafunzi huziruka kwa sababu hazina wagonjwa wanaolala. Mimi naona ni kosa kubwa, maana humo ndimo sampuli na picha za hospitali nzima zinamotunzwa.

Mwaka 1981, katika Hospitali ya Royal Perth nchini Australia, daktari kijana aliyekuwa mafunzoni, Barry Marshall, alikuwa akipita kitengo cha magonjwa ya tumbo na alihitaji mradi wa utafiti. Alielekezwa kwa Robin Warren, mwanapatholojia, ambaye tangu mwaka 1979 alikuwa akiona kwa hadubini bakteria waliojipinda kwenye vipande vya utando wa tumbo. Warren alikuwa na slaidi na jicho la kuzisoma. Marshall alikuwa karibu na wagonjwa wanaoingizwa kamera tumboni. Wakachukua vipande kutoka kwa wagonjwa 100, wakawaotesha bakteria hao maabara, na wakaonyesha kwamba wanahusiana na gastriti (uvimbe wa utando wa tumbo) na vidonda vya tumbo. Bakteria hao leo wanaitwa Helicobacter pylori, na wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Swali la tumbo lilipata mwenzi kwenye chumba cha hadubini. Unapoandika majina yako, hakikisha angalau moja linatoka nje ya idara ambayo ungeifikiria kwanza.

Hatua ya 3: Soma vyeo kwa kiasi

Kwenye mifumo mingi yenye asili ya Uingereza ngazi hupanda kutoka mhadhiri msaidizi hadi mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Marekani ngazi za uprofesa huanzia kwa profesa msaidizi, ambaye si msaidizi wa mtu: anaweza kuwa na maabara yake na fedha zake. Neno "wa kitabibu" likiambatana na uprofesa huko, kwa kawaida linaonyesha kwamba uzito wa kazi yake uko kwenye matibabu na kufundisha. Mwalimu wa muda ana mwajiri mwingine. Profesa mstaafu aliyebakizwa kwa heshima ana hekima nyingi, lakini uliza kwanza kama kanuni za chuo zinamruhusu kuwa msimamizi mkuu.

Shahada nazo zinasema jambo. Mwenye shahada ya udaktari na ubingwa peke yake amefundishwa hasa kutibu. Aliyeongeza uzamivu amepitia miaka ya kuuliza swali moja kwa kina, na aliyeongeza uzamili wa afya ya jamii huwa na nguvu kwenye takwimu na magonjwa ndani ya watu wengi. Zipo tofauti nyingi, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa herufi zinazofuata jina lake.

Nikishauri waziwazi: kwa mwanafunzi wa mara ya kwanza, mhadhiri mwandamizi au profesa msaidizi ambaye bado anapanda ngazi mara nyingi humsaidia kuliko mkuu wa idara. Anahitaji makala, bado anafungua jedwali la data mwenyewe, na anakumbuka wapi yeye alikwama. Asichokuwa nacho ni sauti kwenye vikao, na hilo linatatuliwa kwa kumweka mkubwa mmoja kama msimamizi wa pili.

Hatua ya 4: Fuata makala za miaka mitano ya karibuni

Wasifu wa tovuti unaweza kukaa miaka bila kuguswa. Makala zina tarehe.

Ingia PubMed, hifadhidata ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ambayo haina malipo, uandike jina la ukoo na herufi ya kwanza ya jina lake. Majina yanafanana sana, hasa yale ya kawaida, kwa hiyo ongeza jina la taasisi au mada. Fahamu kwamba hadi karibu mwaka 2014 PubMed ilihifadhi taasisi ya mwandishi wa kwanza tu, kwa hiyo ukichuja kwa taasisi, makala za zamani ambazo mwalimu wako alikuwa mwandishi wa tatu au wa tano hazitaonekana. Njia safi zaidi ni namba yake ya ORCID, yenye tarakimu 16, iliyoanzishwa mwaka 2012 ili kila mtafiti atambulike hata majina yakigongana. Google Scholar itakuonyesha pia ripoti na tasnifu ambazo PubMed haina.

Orodha ikishatokea, zichuje makala za miaka mitano ya mwisho na uzisome vichwa. Tuseme yule bingwa wa figo ana makala 14: 9 za ubora wa maisha, 4 za shinikizo la damu, na ile ya afya ya jamii ni moja tu, ya zamani kuliko zote. Umeshapata jibu la zile alama za kuuliza. Mstari wa jamii kwenye wasifu wake ni kumbukumbu au ni ndoto. Mstari wa dodoso ndio unaoishi.

Kisha angalia mpangilio wa majina, kwa sababu kwenye tiba mpangilio una maana. Kwa kawaida wa kwanza ndiye aliyefanya kazi kubwa na kuandika rasimu, wa mwisho ndiye kiongozi wa utafiti. Unachotafuta ni makala ambazo mwalimu yuko mwisho na mwanafunzi wake yuko mwanzo. Chukua majina ya waandishi wa kwanza, uyatafute, uone walikuwa nani wakati ule. Ukikuta wanafunzi watano tofauti wametangulia kwenye makala zake, huyo anajua kumfikisha mtu mwisho wa safari. Ukikuta profesa mwenye makala 200 ambaye hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyetangulia, tulia kwanza na uulize kwa nini. Sifikiri kuna kipimo kingine cha hadharani kinachosema mengi kuhusu msimamizi kama hiki.

Utakutana pia na fahirisi ya h, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Fahirisi ya 20 maana yake ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Haifai kulinganisha fani na fani: bingwa wa moyo yuko kwenye uwanja wenye wasomaji wengi, bingwa wa ugonjwa adimu hana. Makala za ushirikiano mkubwa zenye waandishi mamia nazo huipandisha haraka. Itazame, uendelee.

Mwisho wa hatua hii, angalia kama kuna makala yake iliyoondolewa na jarida. PubMed huiwekea alama. Sababu zinatofautiana sana, kuanzia kosa la kweli lililoripotiwa na watafiti wenyewe hadi data za kubuni, kwa hiyo lisome tangazo la jarida kabla ya kuhukumu.

Hatua ya 5: Pima muda wake na fedha zake

Mwalimu mwenye kliniki nne kwa wiki, zamu za usiku na ukuu wa kitengo hawezi kusoma rasimu yako kwa siku tatu, hata awe mwema kiasi gani. Muda wa utafiti ni kitu kinacholindwa kwa mkataba. Ruzuku za K08 na K23 za Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zinazolea madaktari watafiti wachanga, humtaka anayepewa atenge angalau asilimia 75 ya muda wake wa kazi kwa utafiti na mafunzo yake, na baadhi ya taasisi hizo huwaruhusu madaktari wa upasuaji kushuka hadi asilimia 50. Ukiona ruzuku ya namna hiyo kwenye wasifu, mtu huyo ana siku zilizotengwa kweli.

Taasisi hizo zina hifadhidata ya wazi iitwayo RePORTER inayoonyesha mradi, mwenye mradi, na tarehe ya kuanza na kumalizika. Tarehe ya kumalizika ndiyo ya kuandika. Ruzuku inayoisha mwezi ule unaoanza wewe haitalipia vipimo vyako. Kwa majaribio ya dawa, sajili ya Marekani iitwayo ClinicalTrials.gov na mlango wa sajili wa Shirika la Afya Duniani vinaonyesha kama jaribio bado linapokea wagonjwa. Mwalimu asiye na ruzuku hajafungiwa mlango: kazi nyingi nzuri za tasnifu zinatokana na mafaili yaliyopo. Ila ujue mapema, ili usipange vipimo ambavyo hakuna wa kuvilipia.

Hatua ya 6: Waulize waliotangulia

Watafute wanafunzi wake wawili, mmoja aliyemaliza na mmoja anayeendelea. Usiulize kama ni mtu mzuri. Uliza rasimu hurudi baada ya muda gani, mara ngapi hukutana, nani aliandikwa wa kwanza kwenye makala ya tasnifu, na nini hutokea matokeo yakitoka kinyume na alivyotarajia. Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Msimamizi anayekasirikia data atakuumiza wewe na sayansi pia.

Hatua ya 7: Andika baruapepe fupi

Baki na majina matatu. Mwandikie mmoja kwanza, umpe siku 10 hivi, mkumbushe mara moja kwa adabu, kisha hamia kwa wa pili. Kuwatumia wote watatu ujumbe uleule siku moja ni hatari, maana walimu wa idara moja huzungumza. Unaweza kuandika hivi:

*YAH: OMBI LA KUSIMAMIWA UTAFITI WA UZAMILI*

*Profesa, habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uzamili katika tiba ya ndani. Nimesoma makala yako kuhusu uchovu kwa wagonjwa wanaosafishwa damu, na swali langu linaanzia pale mlipoishia: je, uchovu huo unahusiana na muda anaosafiri mgonjwa kufika kituoni? Nimeambatisha ukurasa mmoja wa wazo hilo. Naomba dakika 20 za muda wako, siku na saa utakayopenda, nisikie kama linafaa na kama una nafasi ya kunisimamia. Natanguliza shukrani.*

Ujumbe huu unaonyesha kwamba umesoma kazi yake hadi mwisho na unaomba kitu kidogo kinachotolewa kirahisi. Usimsifu, usimtumie kurasa 15, na usiandike kwamba uko tayari kufanya mada yoyote.

Hatua ya 8: Kikao cha kwanza

Nenda na daftari na kalenda. Baada ya kulizungumza swali, kuna mambo ya kuafikiana kabla hamjaachana: mtakutana kila baada ya muda gani, rasimu atarudisha baada ya siku ngapi, data itakuwa ya nani, na majina yatapangwa vipi kwenye makala. La majina wengi huona haya kulitaja. Litaje kwa upole, ukisema ungependa kujua desturi ya kitengo chake. Mwongozo wa kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba unataka kila mwandishi awe amechangia wazo, data au uchambuzi, ameshiriki kuandika au kuhariri, ameidhinisha toleo la mwisho na yuko tayari kuwajibika kwa kazi hiyo. Asiyefikia hapo hushukuriwa mwishoni. Ukishaurejelea mwongozo huo, mazungumzo yanakuwa ya kanuni, hayagusi heshima ya mtu.

Muulize pia ni mtakwimu gani hushirikiana naye. Mwone mtakwimu huyo kabla ya kukusanya data, kwa sababu ukubwa wa sampuli uliokosewa hauponi kwa uchambuzi.

Ukirudi, mtumie msimamizi muhtasari wa mliyokubaliana, mistari sita inatosha, umwombe arekebishe palipopinda. Kisha mjue nani atasoma na kutia saini yeye akiwa safarini au likizo ya masomo, na jina la huyo msimamizi wa pili liingie kwenye andiko kabla halijafika kamati ya maadili. Kumwongeza mtu baada ya kibali kutoka kwa kawaida hudai maombi ya marekebisho, na maombi hayo hupanga foleni yake upya.